Kitana cha Zuhura

Kitabu kilinifikia kimefungwa ndani ya mfuko wa sukari, na nilipokifungua mchanga ulinimwagikia mapajani. Ulikuwa mchanga wa kijivu, laini kuliko unga wa muhogo, uliojificha kwenye mshono wa kurasa miaka yote hiyo. Niliunusa. Ulinuka mawe yaliyosagwa na chuma kilicholowa, na kwa mbali mafuta ya taa. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu hapa Kambarage, Shinyanga, mtu mzima mwenye watoto na madaftari ya wanafunzi yanayosubiri kusahihishwa, lakini pua ilikuwa imeshanifikisha Katoro kabla akili haijakubali safari.

Aliyekileta ni mama mdogo Milembe, anayemfuata mama yangu kuzaliwa. Mumewe, baba mdogo, alifariki mwaka huu, na matanga yalipoanuliwa shemeji zake wakakumbuka ghafla kwamba yadi yake ya Katoro ilikuwa mali ya ukoo. Alikuja kwangu na begi moja na kile kitabu. Macho yake yana mtoto wa jicho, tunasubiri zamu ya kufanyiwa upasuaji. Mchana anakaa sebuleni karibu na mlango, na kila anapotaka kwenda uani au kwa jirani huniita kwanza.

"Kabula, naweza kutoka hapo nje kidogo?"

Geti langu linafungwa na waya ambao hata kuku wameshajua kuufungua. Nimemwambia mara nyingi, "Mama mdogo, hapa huombi ruhusa." Hujibu, "Haya, mwanangu." Kesho yake ananiita tena.

Siku aliyonipa kitabu alisema tu, "Nisomee. Nataka nikisikie tena kabla sijafa." Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nina ugomvi wa siku nyingi na watu wanaojisifu kwamba hawawezi kurudia kitabu walichokwisha kukisoma. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba kusoma mara ya kwanza ni kusalimiana tu. Nasema hivyo kwa sauti kubwa, chaki mkononi. Kumbe kitabu kilichonilea mimi mwenyewe sikuwahi kukirudia, kwa sababu nilidhani nakijua.

Nilikuwa darasa la sita nilipopelekwa Katoro. Ilikuwa likizo, na mama alisema mama yangu mdogo ana upweke, hajajaliwa mtoto, nikamchangamshe. Nilifurahi sana. Katoro kwetu sisi watoto wa Shinyanga ilikuwa mahali ambapo watu walikula chipsi kuku siku za kawaida. Nilifika, geti la bati likafunguliwa, nikaingia, likafungwa. Nilisikia kufuli, wala sikutilia maanani. Kwetu pia tulifunga mlango wezi wasiingie.

Baba mdogo hakuwa mchimbaji. Alikuwa na yadi, yaani uwanja uliozungushiwa mabati pande zote, nyumba ya vyumba viwili pembeni, na katikati rundo la mchanga refu kuliko nyumba. Jirani palikuwa na makarasha, zile mashine za kusagia mawe, zikinguruma kutwa mpaka sahani zinatetemeka kabatini. Wachimbaji wakishasaga mawe yao na kuyaosha, huondoka na dhahabu waliyoiona na kuuacha mchanga. Mchanga huo ndio wanaouita marudio. Ndani yake imebaki dhahabu ambayo maji na mikono havikuiweza. Wenye matangi ya dawa hununua rundo na kulisafisha upya, na wakati mwingine hupata kuliko yule aliyeosha mwanzo. Najua msomaji ameshaanza kulinganisha mchanga na vitabu. Alinganishe akipenda, mimi niliishi na mchanga ule hadi hamu ya mafumbo yake ikaniisha.

Dhahabu ya Katoro ina aibu, ndivyo tulivyoambiwa. Hukimbia ikikasirishwa. Mganga wa baba mdogo alikuwa amempa sharti: mwanamke wa nyumba asikanyage nje ya geti mpaka rundo liishe. Akitoka, dhahabu itamfuata miguuni na kupotelea barabarani. Kwa hiyo maji yaliletwa na mkokoteni, nyama na mboga alileta baba mdogo mwenyewe, na ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa shati lake. Wala hakuwa mkali wa sura. Alikuwa na sauti ya upole, akimletea mkewe vitenge vipya ambavyo hakuna mtu angeviona.

Mimi nilimwona mama mdogo kuwa mtu mkubwa sana. Dhahabu yote ile ilitegemea nyayo zake! Nilimtazama akitembea uani pekupeku, mwembamba, mrefu, na nikaona fahari kwamba ni wa damu yangu. Nilipomuuliza rundo litaisha lini, alitabasamu akasema, "Likiisha." Lakini lori la kuchukua mchanga lilipokuja, lori jingine lilifuata nyuma yake kumwaga mchanga mpya. Nilikuwa naona yote mawili na bado sikuunganisha.

Hapakuwa na televisheni, na redio ilitaka betri ambazo baba mdogo alisahau kununua. Palikuwa na kitabu kimoja. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, hivyo mpaka leo sijui jina lake wala nani alikiandika. Mama mdogo alikuwa nacho tangu usichana. Alipenda kusomewa. Mchana tulikaa kwenye kivuli cha ukuta, yeye akichagua mchele au kunisuka, mimi nikisoma kwa sauti ya kushindana na makarasha.

Kilikuwa kisa cha Zuhura, aliyeolewa na stesheni masta wa stesheni ndogo katikati ya pori. Nilimwonea wivu. Nyumba yao ilikuwa na vioo, walikunywa chai ya maziwa, na mume wake alimpenda kiasi kwamba akienda kupokea treni alifunga mlango kwa nje asije akaibiwa mke. Niliyemchukia ni bibi mmoja muuza mayai, aliyekuja dirishani na kikapu na kuongea na Zuhura maneno ya chini chini. Siku moja Zuhura alimrudishia kikapu ndani yake kukiwa na kitana cha marehemu mama yake, kitana cha mti mweusi, kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwao.

"Huyu bibi ni tapeli," nilisema.

"Kwa nini?"

"Anamwibia Zuhura vitu. Na Zuhura naye mjinga. Kama anataka kugawa vitu, angeanza na masufuria. Anaanzaje na kitana cha mama yake?"

Mama mdogo alikuwa ananisuka, akasimamisha vidole kichwani kwangu. "Nyumba ikiungua, Kabula, wewe utatoa nini kwanza?"

Nilifikiri sana. "Redio."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Redio yenyewe haina betri! Na mtoto je?"

"Mtoto ana miguu, atatoka mwenyewe."

"Na kama mlango umefungwa?"

Nywele ziliniuma, nikamwambia aendelee kusuka. Alisema, "Rudia hapo pa kitana." Nikarudia. Kesho yake akataka tena pale pale. Nilichoka na kitana hicho, nikawa nasoma mbio mbio nifike kwenye treni.

Kwa sababu mwisho nilioupenda ulikuwa treni. Treni inapiga honi, magurudumu yanaanza kugonga, Zuhura anaegemeza kichwa kwenye ubao, anafumba macho na kusema, "Kimefika." Nilimwona kabisa, ameketi kwenye behewa karibu na dirisha, anakwenda kwao kuwasalimia, kichwa kimeegemea ukuta wa mbao. Sikuwahi kuona treni kwa karibu lakini nilijua yatakuwa mabehewa ya mbao, yamepakwa rangi ya kijani. Nilifunga kitabu kila mara nikiwa na furaha. Mama mdogo alikuwa anachukua ungo wake na kwenda jikoni.

Likizo ilikuwa inakwisha. Nilimuuliza baba mdogo nitarudi lini shuleni, akajibu kwa upole wake ule ule kwamba mganga amesema sharti limenigusa na mimi, kwa vile nimeshalala ndani ya uzio. Nisubiri rundo liishe. Hapo ndipo nilipoanza kuliangalia rundo kwa jicho baya. Kila asubuhi nilisikia watoto wa Katoro wakipita nje na ndoo na fagio za shule, wakiimba, wakigongagonga bati letu kwa fimbo. Niliweza kuona vivuli vya miguu yao chini ya uzio. Nilianza kupumua vibaya, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Usiku niliota mchanga umeingia chumbani.

Kwa akili yangu dawa ilikuwa moja, nayo ni kulimaliza rundo mwenyewe. Nyuma ya choo kulikuwa na bati lililooza chini kwa maji ya dawa, ukilisukuma linakunjuka. Nikachukua kopo la maziwa, nikawa nachota mchanga, naupeleka kule nyuma na kuumwaga nje. Nilifanya kazi kwa bidii. Nilijiona mkombozi wa watu wawili.

"We! Nani huyo ananimwagia mchanga miguuni?"

Niliinama, nikaona jozi ya ndala na ukingo wa sinia. Nilitaka kukimbia, lakini mama mdogo alishafika nyuma yangu. Hakunigombeza. Alipiga magoti pale kwenye uchafu, akainamisha uso mpaka kwenye tundu, na kusema taratibu, "Mwadila, mayu." Yule wa nje akaitikia salamu ya mchana kwa Kisukuma, kwa mshangao wa mtu aliyesalimiwa na ukuta.

Alikuwa Mama Shija, muuza matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, kukatwa na kuanikwa mpaka viwe vigumu kama mbao changa. Tangu siku hiyo alipita nyuma ya choo kila mchana. Alitupitishia matobolwa, mama mdogo akampitishia kitenge kama malipo. Mimi nilipewa kazi ya kwenda kuangalia chungu kisiungue hata siku ambazo hapakuwa na chungu jikoni. Kisukuma changu kilikuwa cha mjini, cha salamu na matusi, kwa hiyo hata nilichosikia hakikunifaa. Nilisema moyoni kwamba mama mdogo amepata muuza mayai wake, na atamaliza vitenge vyote.

Halafu alikuja yule mzee. Alikuwa na koti zito kwenye jua lile, fimbo nzuri, na harufu ya zizi. Baba mdogo alimkaribisha kwa heshima nyingi akaniita nilete maji ya kunywa. Nilipiga magoti kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ndiye huyu?"

"Ndiye," alisema baba mdogo.

"Mweupe. Anajua kusonga ugali?"

"Anajua kila kitu. Ana akili, amesoma."

"Kusoma siyo kitu. Ng'ombe wapo. Baada ya mavuno nitawaleta, majike yanayokamuliwa yatakuwa mengi humo, usiwe na shaka. Wewe na ndugu zake mtaelewana wenyewe."

Niliinuka na bilauri nikiwa na furaha isiyo kifani. Ng'ombe wanakuja! Nilikimbilia jikoni, nikamwambia mama mdogo kwamba baba mdogo ananunua ng'ombe wa maziwa, tutakunywa chai ya maziwa kama Zuhura, na nikamuuliza watalala wapi, maana rundo limejaza uwanja wote. Mama mdogo alikuwa ameshika mwiko. Alianza kusonga ugali kwa nguvu mpaka sufuria likahama kwenye mafiga. Mchana wa kesho yake hakutaka kusomewa chochote.

Siku ya mnada, baba mdogo aliondoka asubuhi na yule mzee. Mama mdogo alinichana nywele, akanisuka upya, akazibana mpaka macho yakanivutika. Akanivalisha sare yangu ya shule na juu yake gauni. Nilidhani tunacheza. Akaniongoza kwa mkono hadi nyuma ya choo. Bati lilikuwa limekunjwa zaidi, tundu limekuwa kubwa, hata mtu mzima mwembamba kama yeye angepita bila kuchanika. Nje nilimwona Mama Shija amechuchumaa bila sinia.

"Nenda kwa mama yako," mama mdogo alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nimekuchoka. Umekuwa mzigo hapa ndani. Unakula, unaongea, unamwaga mchanga wa watu. Nenda."

"Mama mdogo, dhahabu itakimbia—"

"Toka!" Hakuwahi kunipigia kelele kabla ya hapo. "Na usirudi hapa. Ukiulizwa, sema nimekufukuza."

Alinisukuma mgongoni. Nilipita kwa tumbo, mchanga ukaniingia mdomoni, na nilipogeuka niliona vidole vyake tu vikilirudisha bati mahali pake. Mama Shija alinishika kiganja na kunivuta. Nilikuwa nalia kwa sauti lakini makarasha yalikuwa yananguruma, hakuna aliyegeuka.

Tulipita Ushirombo na Kahama, tukibadilisha magari. Mama Shija alinipa matobolwa nikatafuna na machozi yangu. Isaka gari letu lilisimama kwa muda, na hapo kwa mara ya kwanza nikaona treni kwa karibu. Ilikuwa ndefu ajabu, imebeba makontena ya mizigo ya nchi jirani. Nilitafuta dirisha la Zuhura behewa moja baada ya jingine. Hapakuwa na dirisha hata moja. Ilipiga honi ikaondoka, nami nikaona ni treni mbaya, ya mizigo, na mimi mwenyewe nimeitwa mzigo asubuhi ile.

Mama hakuniuliza kitu. Alinipokea, akaongea na Mama Shija chumbani mlango umefungwa, akamshukuru, "Wabeja sana, mayu," na Jumatatu nikawa darasani. Baba mdogo alikuja baadaye kunifuata. Alikaa kwenye kigoda na sauti yake ya upole, akaniita nisimame mbele yake.

"Nani alikutoa?"

"Mama mdogo alinifukuza," nilisema, na nikaangua kilio. Hasira ilikuwa ya kweli, uchungu wa kweli, na mtu yeyote mwenye macho angeona mtoto huyu hajafundishwa kusema hivyo. Alinitazama kidogo, akaamini. Alisema wanawake wasiozaa ndivyo walivyo, wana wivu na watoto wa wenzao. Mama aliinama akapanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Baba mdogo akaenda zake, na tukasikia kwamba alipofika nyumbani aligongelea mbao upande wote wa nyuma ya choo.

Nilikua na neno lile moyoni. Nimekuchoka, umekuwa mzigo. Mama alikuwa akisema tu, "Mama yako mdogo ana akili zake, utamjua ukikua," na mimi nikajibu kwamba sina haja ya kumjua. Mama alifariki bila kuongeza neno.

Basi ndiyo hivyo wiki iliyopita nikakaa na kitabu kile mapajani, mchanga nikiukung'utia sakafuni, na mama mdogo ameegemea mto karibu na mlango. Nilianza kusoma kwa sauti ya darasani, ile ya kujionesha. Haikuchukua kurasa nyingi sauti ikaanza kunipungua. Chai ya maziwa ilikuwepo kweli, na vioo pia. Lakini vioo vilikuwa vimepakwa chokaa kwa ndani, jambo ambalo nililisoma kwa mdomo wangu mara zisizo na hesabu. Yule bibi wa mayai hakuomba kitu chochote. Kila alipokuja aliuliza swali moja, "Leo umelala?" Na pale kwenye kitana palikuwa na sentensi ambayo nilikuwa naipita mbio mbio kuwahi treni: kwamba Zuhura alianza na kile ambacho asingeweza kuishi akijua kimebaki ndani.

Nilisimama hapo. Nikaendelea.

Kulikuwa na ukurasa wa fundi seremala. Enzi zile niliuona unachosha, mtu anapima, anakata, anapiga misumari, nikausoma kama mtu anayekunywa dawa. Stesheni masta alirudi mapema akaliona kapu dirishani. Hakupiga mtu. Aliita seremala, na dirisha likazibwa kwa ubao. Halafu treni ikapiga honi, magurudumu yakaanza kugonga, na Zuhura akaegemeza kichwa kwenye ubao.

Ulikuwa ubao wa dirisha. Zuhura hakupanda treni. Alikuwa ndani, amesimama gizani, anasikiliza mlio ukienda mbali, na kilichokuwa safarini ni kitana, kwenye kapu la yule bibi wa mayai aliyepanda treni. "Kimefika," alisema. Kitabu kinaishia hapo. Utoto wangu mzima nilimpandisha treni mtu ambaye mwandishi hakumpandisha.

Nilijua nikitazama mlangoni nitalia, kwa hiyo nikaendelea kutazama ukurasa.

"Mama mdogo. Ulikuwa unajua kwamba hakutoka?"

"Mimi nilikuwa najua kusoma, Kabula," alisema. "Wewe ulikuwa unajua kutamka."

"Ulivyonisukuma siku ile..."

"Ningekubembeleza, ungekubali kuondoka? Ungenishika kitenge hapo hapo. Na yule angekuuliza, ungejua kudanganya? Ulikuwa mtoto usiyejua kuficha hata njaa. Nikasema bora aende na hasira. Hasira itamsemea."

"Lakini tundu lilikuwa kubwa. Nililiona. Ungepita."

Aliguna. Alitafuta mkono wangu kwa kupapasa, akaupata, akaukandakanda kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya akimaliza kunisuka.

"Ng'ombe zangu zilikuwa zimeshakuja siku nyingi, mwanangu. Zilikaa zizini kwa baba wiki chache, zikaenda kumwolea mjomba wako. Mkewe alikuwa ameshazaa watoto watatu juu ya ng'ombe hizo. Mimi nikitoka, zinadaiwa. Mjomba angezitoa wapi? Wangekwenda kumchukua mkewe na watoto wake. Zako zilikuwa bado hazijafika. Baada ya mavuno, alisema. Na wewe unanikimbilia jikoni unafurahi utakunywa maziwa."

Nililia basi, mwalimu mzima, mbele ya madaftari. Nililia kwa ajili ya chai ile ya maziwa, na vidole vilivyolirudisha bati. Yeye hakulia. Aliuacha mkono wangu, akapapasa kitabu, akakifunga na kukigongagonga kwenye goti ili mchanga uliobaki utoke.

"Kwa hiyo rundo liliisha?" niliuliza, ili niseme tu kitu.

"Liishe wapi? Nimeliacha pale pale. Shemeji zangu wanaligombania."

Tulicheka, mimi na makamasi yangu. Kisha akauelekeza uso mlangoni, ambako anaona mwanga tu. Jua lilikuwa linapoa, na barabarani watoto walikuwa wanatoka shule, wakigongagonga uzio wa jirani kwa fimbo.

"Nisomee tena," alisema. "Kuanzia mwanzo. Safari hii soma polepole."

"Sawa, mama mdogo."

"Ila twende tukasomee nje. Pale barabarani, penye upepo."

Nilibeba viti, yeye akabeba kitabu kifuani na mkono mwingine ukishika bega langu. Tulivuka uwanja. Nilifungua ule waya wa geti nikatangulia kupanga viti, nikamwacha amesimama ndani, vidole vya miguu karibu kabisa na mstari ambapo saruji yangu inaishia na vumbi la mtaa linaanza. Akageuza uso kunitafuta.

"Kabula, naweza..."

Sikumjibu. Nilijifanya nafuta kiti. Alingoja, mimi nikafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi, mpaka nikasikia ndala zake zikikanyaga mchanga wa barabarani.